Koga ya Jiwe la Mama Rebeka

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ajira ya kudumu ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi, Mashimba, na yule Kokulinda. Dokta Bagenda, mkuu wa chumba chetu cha kuhifadhi mimea iliyokaushwa, kasema atakayeleta sampuli bora za koga ya mawe kutoka hifadhi ya kisiwani ndiye atakayebaki. Koga! Yale madoa ya kijivu yanayoota juu ya mawe. Kokulinda kaondoka na boti, akinipungia mkono kama mke wa waziri. Mimi na ziwa hatuelewani, nikiona wimbi natapika. Lakini Mwanza nzima ni mawe. Kisiwani nikafanye nini?

Jumanne, 4 Machi
Nimekwangua jiwe lililo nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Mkuyuni. Koga nene, safi! Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika: Kisiwani, juu ya jiwe. Mkusanyaji: Mashimba.
Mama Rebeka, mwenye nyumba, alipoliona jiwe akashika kichwa. Akauliza nani kamkwangua baba yake. Kumbe ndipo ukoo wao unapotambikia, wanamwaga pombe ya mtama kila wakivuna! Nikasema labda mbuzi. Akasema mbuzi hana kisu. Akataka aliyeichukua koga airudishe na aombe radhi. Airudishe kwa gundi?

Alhamisi, 6 Machi
Bahasha imetuna. Koga imeongezeka, imekula karatasi mpaka kwenye jina langu. Kokulinda, aliyerudi na vipande vyake vya kusikitisha, kasema koga ya mawe huchukua miaka kukua upana wa ukucha. Wivu! Dokta alipoiona yangu alifurahi mpaka miwani ikadondoka.
Ila kwenye kiti changu kuna doa la kijivu lenye umbo la mtu aliyeketi. Nililifuta asubuhi. Mchana lilikuwa limerudi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeamka nanuka pombe ya mtama, na mimi sinywi. Kwenye kiwiko cha kushoto kuna doa gumu. Nimelichoma pini, haliumi. Naogopa, kusema kweli.
Nilimwamkia Mama Rebeka. Hakuitikia marahaba. Alikitazama kiwiko changu, akapiga magoti, akasema shikamoo baba. Kisha akanisihi twende jiweni leo leo, nikiri na niombe radhi. Nikamwambia asubiri, ajira kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeipata! Kokulinda kaondoka bila kuaga. Dokta kanisifu kwa utulivu, eti tangu asubuhi sijatikisika kitini. Kweli, magoti hayakunjiki. Mkono wa kushoto wote ni wa kijivu na una ubaridi. Mama Rebeka kaja mpaka ofisini na kibuyu, kanimwagia pombe miguuni. Nilitaka kufoka, mdomo ukawa mzito. Pombe yenyewe tamu, nimeionja kwa nyayo.
Sasa Dokta anataka sampuli zaidi kutoka jiwe lile lile. Nipande boti? Thubutu! Mkono wa kulia bado unafanya kazi na kisu ninacho. Nimekikwangua kiwiko, bahasha zimejaa. Kisiwani, juu ya jiwe. Mkusanyaji: Mashimba.