Kiwanja Kisicho na Mwenyewe Kule Digbeth

Mwanzoni mwa mwaka 1974, serikali ya Uingereza ilipoamuru viwanda vifanye kazi siku tatu tu kwa wiki ili kuokoa umeme, Bethuel Njoroge alijikuta ana siku nne za kukaa bure, na mtu kama Bethuel hafai kuachiwa hata alasiri moja. Alikuwa amekuja Birmingham kusomea uhasibu. Uhasibu ukamshinda mwaka wa kwanza, akaishia kufagia kiwanda cha vyuma huko Aston. Suti ya chuo na ulimi alibaki navyo, na kati ya hivyo viwili sijui kipi kilikuwa kimepigwa pasi zaidi.

Mimi nilikuwa nakaa naye chumba kimoja. Tena niseme mapema, msomaji asije akaniheshimu bure: mtu wa kwanza kutapeliwa katika kisa hiki ni mimi.

Kilianza na karatasi ya halmashauri iliyotumbukizwa mlangoni kwa kila nyumba. Wengi wetu tuliitumia kuwashia moto. Bethuel aliisoma mara tatu. Ilieleza kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili, Birmingham, mji ambao siku zote ulijiendeshea karibu mambo yake yote, utakuwa wilaya moja kati ya saba ndani ya kaunti mpya ya West Midlands. Kazi zitagawanywa. Nyumba, shule na kuzoa taka zitakuwa za wilaya. Polisi, zimamoto, mabasi na barabara zitakwenda kwa kaunti. Hata taka zenyewe, wilaya ikishazizoa, kuzitupa itakuwa kazi ya kaunti.

Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema sijaelewa.

"Hakuna aliyeelewa," akasema kwa upole, kama mchungaji anayetangaza sadaka. "Na pale watu wasipoelewa, ndugu yangu, ndipo Mungu alipoiweka riziki yangu."

Jioni ile ile aliniuzia, kwa pauni moja, cheti cha kuhamishwa kutoka mji wa zamani kwenda wilaya mpya. Muhuri aliuchonga kwa kiazi. Nilikibandika cheti changu ukutani juu ya kitanda na kulala usingizi wa raia halali. Kiazi tulikipika kesho yake, nami nikala nusu.

Lakini pauni moja ya mtu kama mimi ni mazoezi tu. Shabaha yake ilikuwa Mama Jasumati, mjane wa Kigujarati aliyekulia Kisumu, mwenye duka karibu na uwanja wa mpira wa Aston. Sisi Wakenya tulikuwa tukinunua unga kwake, na tulijua mambo mawili juu yake: Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu, na alipenda mali. Alipopima dengu, mshale wa mizani ulikuwa ukimwangalia yeye kwanza kabla ya kusimama.

Bethuel alivaa suti, akaazima tai yangu, akaenda. Nilimfuata kubeba mkoba, kwa sababu aliniambia kwamba ofisa asiyebebewa mkoba haaminiki. Alimweleza mama kwamba usiku wa kuamkia tarehe mosi mji wa zamani utakufa, na mali zake zitagawanywa kati ya kaunti na wilaya kama mirathi. Ila katika kila mirathi, alisema, kuna kitu kinachosahauliwa. Yeye, kwa kazi yake ya siri ofisini, amegundua kiwanja kimoja huko Digbeth, nyuma ya kituo cha mabasi ya safari za mbali, ambacho hakimo katika orodha ya kaunti wala ya wilaya. Atakayewahi kujaza fomu ndiye atakayekuwa mwenyewe.

Akakunjua ramani aliyoichora kwa mkono. Kiwanja hicho alikuwa amekiona siku moja akipita: geti lenye kutu, magodoro ya kale yaliyorundikana, ukuta uliolala kuelekea barabarani kama mlevi. Hakukuwa na jina popote. Kwa Bethuel, kitu kisicho na jina kilikuwa na jina lake.

Mama Jasumati aliitazama ramani ile muda mrefu. Aliuliza geti liko upande gani. Aliuliza kama kuna mti wa mlozi kwenye kona. Bethuel akasema upo, tena mzuri. Mama akafuta miwani kwa ncha ya sari, kisha akatoa pauni arobaini na kuweka sahihi kwenye fomu. Tulipotoka nje Bethuel alicheka hadi kwenye gari lake la mizigo. Alisema tamaa ya mwanadamu haina breki. Nami nikaitikia kwa busara, mtu mwenye cheti cha kiazi ukutani.

Tarehe mosi Aprili ikafika. Tuliamka wilayani. Maji yalikuwa baridi kama yalivyokuwa mjini.

Wiki mbili baadaye mama alimwita Bethuel. Safari hii alitukaribisha chumba cha nyuma, akatupa chai ya maziwa na chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili. Akasema yeye ni mjane tu, Kiingereza cha serikali kinamsumbua, lakini amepokea barua mbili kuhusu kile kiwanja. Moja imetoka wilayani, nyingine imetoka kwa kaunti.

Alizishika mbele yetu. Nembo zilikuwa za kweli, zenye rangi, na karatasi nzito. Bethuel, ambaye muhuri wake ulikuwa umeliwa kwa chumvi, alishika kikombe kwa mikono miwili. Alifanikiwa kusoma mstari mmoja tu kabla mama hajazikunja: "Kuhusu kiwanja chako cha Digbeth..." Kiwanja chako.

"Wote wawili wananifuata," mama akasema. "Kila mmoja na haraka yake. Mimi nimezeeka, sina nguvu ya kuvutana na serikali mbili. Wewe unawajua watu hawa, Bethuel. Kichukue. Nipe lile gari lako, linisaidie dukani."

Gari lile la mizigo, aina ya Morris, Bethuel alilinunua kwa jasho la miaka mitatu, na ndilo jambo pekee la haki alilowahi kufanya. Usiku ule hakulala. Alitembea chumbani akinieleza kwamba uongo wake umepata mimba na kuzaa ukweli. Serikali mbili zinagombea kiwanja! Zitapandishiana bei! Nikamuuliza kama haingefaa asome barua zote kwanza. Alinitazama kwa huruma, kisha akatazama cheti changu ukutani.

Ijumaa Bethuel na mama walikwenda kwa wakili. Hati ilikuwa halali kabisa, na hilo lilimshangaza kidogo. Ilionyesha kwamba kiwanja kilikuwa cha marehemu mume wa Jasumati, aliyekinunua mwaka 1969 na kukijutia hadi kufa. Bethuel alikuwa amemuuzia mjane kiwanja chake mwenyewe. Alipogundua hilo wino wa sahihi ulikuwa umeshakauka, na mama alikuwa akimkabidhi zile barua mbili kwa adabu, kwa mikono miwili.

Wilaya ilimtaka mwenye kiwanja aondoe magodoro na takataka zote katika siku ishirini na nane, la sivyo atashtakiwa. Kaunti, kwa kuwa barabara ni zake, ilimtaka aujenge upya ukuta unaoinamia barabarani, katika siku hizo hizo ishirini na nane.

"Mama, ulinijua tangu siku ya kwanza," Bethuel akasema.

"Zile pauni arobaini zilikuwa chambo tu. Mti wa mlozi haupo, mwanangu," akajibu. "Haujawahi kuwapo."

Hivyo Jumamosi ilitukuta Digbeth na makoleo, mimi na mwenye mali. Kwa nini nilikwenda? Kwa sababu aliniahidi robo ya kiwanja, nami nikakubali. Tulipakia magodoro kwenye gari la kukodi hadi saa nane mchana, ndipo tukasikia mlio kama wa mzee anayekaa kitini. Ukuta wote ulikuja chini, kwa bahati njema upande wa ndani, juu ya magodoro yaliyobaki.

Bethuel alikimbilia simu kuwaarifu watu wa kaunti. Walimpongeza. Barabara yao iko wazi, faili limefungwa, hawamdai tena lolote.

Jumatatu alikuja ofisa wa wilaya, kijana mpole mwenye daftari. Alilizunguka lile rundo mara moja, akatuomba radhi, akatueleza kwamba ukuta ukiwa umesimama ni wa kaunti, lakini ukishalala chini ni taka.