Jino Likinyamaza

Siku ya mnada watu wa Karatu huangalia ng'ombe na mitumba. Patrisi aliangalia mashavu. Shavu lililoshikwa kwa kiganja lilimfurahisha kuliko fahali aliyenona, na siku hiyo aliliona moja likitoka kliniki ya meno, limeshikwa kwa mikono miwili, mwenyewe analalamika hadharani.

Mwenye shavu alikuwa Mzee Sylvesta, mkulima wa vitunguu kutoka Baray, mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya ndoa kila Jumapili, na bahili wa kutajwa. Kando yake kulikuwa na pikipiki yake nyekundu, mpya, siti bado ina nailoni ya dukani. Patrisi, aliyekuwa amekuja kwa miguu kutoka Rhotia akila vumbi la magari ya watalii, aliiona ile nailoni. Aliitaka pikipiki ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Pole sana, mzee wangu. Wamekuambiaje humo?"

"Eti walitoboe jino, wasafishe mizizi, waizibe, kisha walivike kofia. Nirudi mara tatu! Jino moja, kijana, mara tatu! Hata pepo hutolewa mara moja!"

"Mimi nalinyamazisha kwa siku tatu, na wala humfungulii mtu mdomo."

Hapa tuseme ukweli, maana mimi sina undugu na Patrisi. Hakuwa tabibu. Aliwahi kufagia kliniki moja ya meno huko Arusha, na wiki ya kwanza akamsikia daktari akisema kwamba jino linalopiga kelele vile, mara nyingi hunyamaza lenyewe baada ya siku chache. Wiki ya pili akafukuzwa kwa kuwauzia wagonjwa maji ya kusukutulia, kwa hiyo nusu ya pili ya somo hakuisikia. Akaifungulia biashara ile nusu ya kwanza.

Akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani yake chai ya rangi na karafuu. "Mzizi huu, mzee, umechimbwa Endulen kwenyewe."

Ngoitiko, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akipita na rungu lake, akasimama. "Mimi ni wa Endulen. Huo mzizi sijawahi kuuona."

"Jino limewahi kukuuma?"

"Hapana."

"Si unaona? Unaishi nao, utauonaje?"

Watu wakacheka, na Ngoitiko mwenyewe akacheka. Patrisi akamgeukia mkulima. "Hela yako sitaki. Siku ya tatu jino likiuma, nakupa ng'ombe wangu wawili. Lisipouma, pikipiki ni yangu."

Ng'ombe wawili! Patrisi hakuwa na hata kuku. Lakini Sylvesta naye alikuwa na hesabu zake: maumivu ya jino nani anayaona? Siku ya tatu atashika shavu, atalia, na ng'ombe watahamia Baray. Wakapeana mikono, Ngoitiko akawa shahidi.

Siku ya tatu Patrisi aliwaita wote wawili kwenye banda la nyama choma la kona, akaagiza mbavu za mbuzi na soda ya baridi kali. "Kula kwanza, mzee wangu. Hukumu baadaye."

Cha bure! Sylvesta alitafuna kulia, akatafuna kushoto, akavunja mfupa, akaunyonya, akashushia soda na barafu yake yote. Alipokuwa anajilamba vidole ndipo akakumbuka kilichomleta, akashika shavu haraka.

"Yalaa! Linauma!"

"Lipi, mzee? Hilo lililovunja mfupa, au hilo lililooga barafu?"

Ngoitiko alicheka mpaka rungu likamdondoka. Patrisi akanyoosha mkono. "Jino likinyamaza, limekubali. Naomba funguo."

Basi Patrisi akawa mtu. Alipanda mpaka geti la Ngorongoro bila shughuli yoyote, mdomo wazi, akiimba kwenye ule ubaridi. Nailoni hakuitoa. Ni ubaridi huohuo uliompa habari kwamba naye ana jino bovu. Alilia siku tatu. Siku ya nne likanyamaza.

"Limekubali!" akajipongeza.

Wiki tatu baadaye aliamka shavu limevimba, jicho moja halifunguki. Kichupa chake alikitazama, kichupa kikamtazama, wakaelewana. Akawasha pikipiki kwenda kliniki.

"Jino lako halikupona, limekufa," Daktari Lilian alimwambia. "Mshipa wa ndani ukishakufa, husikii tena maumivu. Lakini vijidudu vinaendelea kula mpaka kwenye mzizi, na usaha unatafuta pa kutokea."

Patrisi akanywea. Kumbe hii ndiyo ile nusu ya pili.

"Utaling'oa?"

"Kwa nini ning'oe jino linalookoleka? Nakuchoma ganzi, nasafisha mizizi. Utasikia kazi, maumivu hutasikia."

Na kweli hakuyasikia. Mdomo ulikuwa wazi, kipande cha mpira kimetandazwa juu yake, na waya mwembamba uko ndani ya mzizi. "Sasa usitikise kichwa hata kidogo," daktari akasema.

Koti la Patrisi lilikuwa nje ya pazia, kwenye msumari juu ya benchi la wagonjwa. Kwenye benchi alikaa Ngoitiko, ambaye jino lake la kwanza kuuma lilikuwa limeanza wiki ileile. Akaingia Mzee Sylvesta. Lile jino lake lililonyamaza lilikuwa limemvimbisha kama boga, na leo alikuja kwa mara ya tatu, kuvikwa kofia. Alikuwa ameiona nailoni pale nje. Akakohoa, akatoa sauti yake ya Jumapili.

"Tangazo la kwanza. Pikipiki nyekundu iliyoko nje inakusudia kurudi kwa Sylvesta wa Baray. Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme."

"Nnngh!"

"Tulia, Patrisi," daktari akamwambia.

"Tangazo la pili. Mwenye kizuizi, aseme."

Macho ya Patrisi yalimtoka. Ulimi uliowahi kuuza chai ya rangi kwa bei ya pikipiki ulikuwa umelala chini ya mpira, hauna kazi.

"Mzee, tunatibu huku!" daktari akasema bila kugeuka.

"Namalizia, daktari. Tangazo la tatu. Ngoitiko, wewe ni shahidi. Umesikia kizuizi?"

"Sijasikia kitu. Amenyamaza."

"Akinyamaza, amekubali."

Funguo zikalia mfukoni mwa koti. "Kofia nitavaa kesho, daktari!" Pikipiki ikaunguruma, ikashika njia ya Baray.

Baada ya muda mrefu daktari akatoa mpira, akavua glavu. "Hii ni mara ya kwanza tu. Maumivu yakiisha usinitoroke, mizizi bado haijazibwa. Umebakiza mara mbili. Kutoka Rhotia usafiri unao?"

Patrisi akatikisa kichwa. Sasa alikuwa ameruhusiwa.