Ng'ombe wa Kissa na Intaneti ya Mwanga

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimechoka. Umaskini, baridi ya huku Nambis milimani, mtandao wa kuutafuta juu ya kichuguu! Ila leo nimepata njia. Vijana watatu wa Arusha wana kampuni changa. Wanarusha intaneti kwa mwali wa mwanga, kilima hadi kilima, bila waya. Kasi ya ajabu. Wanauza hisa. Mimi sina kitu, lakini mke wangu Kissa ana ng'ombe mwenye mimba, anatunzwa na Mzee Gidahosh kule tambarare za Hanang. Alimnunua kwa maharage ya misimu mitatu. Ameapa nikimgusa tu, anarudi kwao Tukuyu. Hatajua.

Jumatano, 4 Juni
Kwa Gidahosh. Shikamoo ya heshima zote. Akasema ng'ombe wa mama hauzwi mpaka mama mwenyewe atamke. Nikasema Kissa amelazwa, hali mbaya. Mzee akafungua zizi kwa mkono wake. Soda niliyombebea akairudisha, eti nimpelekee mgonjwa. Niliona aibu sana. Ikapungua nilipofika mnadani. Ng'ombe nimeuza, hisa nimenunua!

Ijumaa, 6 Juni
Nimewatambia walimu wenzangu. Alfredi wa fizikia akauliza mwanga huo utapitaje kwenye ukungu. Wivu!

Jumatatu, 9 Juni
Siku ya majaribio. Vijana wamefunga kifaa juu ya paa la shule. Ukungu mzito, hata bendera haionekani. Intaneti haikuja. Wakasema tusubiri ukungu uondoke. Restituta, mpishi wetu, akasema basi tuonane Agosti. Wanafunzi wakacheka mpaka wakakaa chini. Na mwalimu wa jiografia ni mimi.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwisha. Huku mgonjwa haachwi bila kutazamwa, nililisahau hilo. Wake wawili wa Gidahosh wamepanda huku juu na kibuyu cha maziwa kuja kumpa Kissa pole. Wamemkuta shambani anang'oa maharage, mzima kabisa. Wakamweleza yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliwakaribisha ndani, akawachemshia chai, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akaniuliza yeye alikuwa anaumwa nini.

Alhamisi, 12 Juni
Kissa amepanda basi la asubuhi. Majirani wote amewaaga. Mimi, hapana. Nimepika ugali, umeungua, nimeula hivyo hivyo. Ninamkumbuka sana.

Jumamosi, 14 Juni
Simu za vijana wa Arusha hazipatikani. Nimelia kama mtoto. Kisha, kwenye kichuguu, habari njema! Kampuni nyingine, changa zaidi, inarusha intaneti kwa puto. Puto! Juu ya ukungu kabisa! Nikitajirika nitamnunulia Kissa ng'ombe kumi, atarudi mwenyewe. Ni mtaji tu unaokosekana. Alfredi anaoa mwezi ujao na anatafuta kitanda. Changu ni cha watu wawili, na siku hizi ninalala upande mmoja tu. Kesho anakuja kukichukua.