Unga wa Muhogo Kwenye Makalio ya Nassoro

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku ya kwanza ya kulea. Dada Hawa amerudi kazini kwa wakala wa forodha kule bandarini, na Nassoro wake, miezi mitano, nimeachiwa mimi. Mimi! Mtu ambaye nikitumwa dukani nasubiri wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Lakini Nassoro hanitishi. Naongea naye kutwa, kwa Kiswahili, na mengine kwa Kiingereza cha shule. Hajanicheka hata mara moja. Shuleni hakuna aliyewahi kuniheshimu hivyo.

Tatizo ni Bi Halima, mama mkwe wa dada. Mama yetu hayupo duniani, kwa hiyo Bi Halima haiamini nyumba yetu. Siku ya Idi alisema mbele ya watu, mdomo umejaa pilau, kwamba mjukuu wake haachiwi mtoto asiyejua hata kuitikia salamu. Jumamosi anakuja kutoka Msimbati kukagua. Akiona kasoro, dada aache kazi, ama Nassoro ahamie kwake, alelewe na Sikudhani. Huyo ni binti yake, shangazi mtu, rika langu. Humpiga picha Nassoro kama samaki aliyemvua mwenyewe.

Nimeapa. Hakutakuwa na kasoro.

Jioni: kasoro ipo. Wekundu kidogo makalioni. Nimepaka mafuta ya mgando. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 10 Juni

Wekundu umekua. Mafuta yamekataa. Nimefikiri sana. Adui ni majimaji. Baba akimwaga mafuta ya taa sakafuni huyakausha kwa nini? Unga! Na ndani tuna unga wa muhogo debe zima. Nimeuchekecha mara mbili, nikampaka hadi kwenye mikunjo ya mapaja. Alionekana nadhifu kama andazi kabla ya kukaangwa.

Pia nimegundua kwamba akibadilishwa pampasi hulia, na akilia majirani huuliza. Dawa: pampasi moja asubuhi, moja jioni. Nimeikaza vizuri unga usitoke.

Jumatano, 11 Juni

Nimefungua saa saba mchana. Unga, mkojo na joto la asubuhi nzima. Kilichokuwemo kilikuwa ugali. Sisemi kama ugali. Ugali! Ulikuwa umeshika.

Chini yake, ngozi nyekundu kama nyama mbichi. Kingo zake kali, kama zimechorwa kwa kalamu, na pembeni vipele vidogo vidogo vimetawanyika. Mikunjoni ndiko kubaya zaidi.

Nilimwambia dada kwamba kuanzia sasa nitamwogesha na kumbadilisha mimi, hata asubuhi na jioni, ili yeye apumzike. Machozi yalimlengalenga. Akasema mdogo wangu umekuwa mtu mzima. Nilikwenda kukaa chooni kwa muda mrefu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesoma kwenye simu ya Baba, kwa Kiingereza. Kila kitu kinalingana: kingo, vipele vya pembeni, mikunjo, kukataa mafuta. Ni fangasi. Hupenda unyevu na joto. Hupenda pia mtoto aliyetoka kunywa antibiotiki, na Nassoro alimaliza ya kifua wiki iliyopita. Waliandika apelekwe kwa mhudumu wa afya. Sehemu hiyo niliiruka, kwa sababu kwa mhudumu wa afya inabidi kuongea.

Badala yake nikakumbuka mafunzo ya bwana shamba. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa vumbi jeupe kwenye mikorosho, husababishwa na nini? Fangasi. Baba huutibu kwa nini? Kwa salfa. Salfa iko wapi? Stoo, mfuko mzima, msimu wa kupulizia ndio huu. Nilijiona daktari.

Ila mimi si katili. Nilijijaribia kwanza, kwapani, kwa kuwa na kwenyewe kuna mkunjo.

Saa tisa: moto. Nilijimwagia maji ndoo mbili. Bado moto.

Baba aliporudi shambani alinusa, akauliza mkorosho gani nimeupulizia humu ndani. Kisha akauliza kwa nini nimenyanyua bawa kama kuku wa mdondo. Nikasema mazoezi. Akasema vyema, mwakani pampu nitabeba mimi.

Nassoro hajaguswa na salfa. Naliandika hili ili angalau pawe na sentensi moja nzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Amelia kutwa. Akikojoa analia. Nikimfuta analia. Chupa ya maziwa kaisukuma. Mchana alinyamaza akanitazama tu, kope zimelowa. Mtu pekee asiyenicheka, na ninayemchoma ni mimi. Nilitaka kumwambia dada. Niliifanyia mazoezi sentensi mbele ya kabati: "Dada, Nassoro anaumwa." Maneno matatu! Aliporudi, nikamwambia chai iko kwenye chupa.

Mpango wa kesho: Bi Halima amkute amelala. Suti ya Idi, soksi, kofia, kanga mbili juu. Aone uso tu. Uso hauna kasoro.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nyeusi.

Bi Halima na Sikudhani walifika saa nne na ndoo ya samaki, changu. Niliitikia salamu, nadhani kwa sauti. Nassoro amelala, mpango unakwenda. Bi Halima akaridhika na shavu lake. Sikudhani akataka picha, suti yote ionekane. Akamnyanyua kwa kumshika makalio. Yowe! Bi Halima akamlaza mkekani, akafungua.

Bi Halima alichota kitu kwa kidole kwenye mkunjo wa paja, akakinusa. Akauliza taratibu kama nyumba hii watoto huliwa mchana au usiku, maana huyu keshasongewa ugali. Sikudhani alicheka, kisha akamtazama Nassoro, akaacha. Dada hakunigombeza. Alinitazama tu. Heri angenizaba kibao.

Zahanati tulikwenda sote. Nesi Tumaini akauliza nani anashinda na mtoto. Vidole vitatu vikanielekea. Nikaomba karatasi kwa ishara, nikaandika yote: unga, pampasi mbili kwa siku, dawa ya kifua. Salfa sikuiandika. Nesi akaisoma kwa sauti! Benchi lote likasikia. Mama mmoja akauliza ugali ulikuwa wa muhogo au sembe.

Nesi hakucheka. Alisema ni fangasi kweli, na humpata hata mtoto anayetunzwa vizuri, hasa baada ya antibiotiki. Kuugua si aibu, akasema, huku akimtazama Bi Halima. Aibu ni kuficha. Akatoa krimu ya fangasi, ipakwe kidogo tu asubuhi na jioni, tusiache siku wekundu unapoisha bali tuendelee siku kadhaa kama alivyoandika. Aoshwe kwa maji matupu, akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, aachwe wazi apigwe na hewa. Pampasi ikilowa itoke hapo hapo, na isikazwe. Tunawe mikono kabla na baada. Unga wowote, hata poda ya dukani, marufuku.

Mwisho akamchungulia mdomoni. Safi. Akasema tukiona weupe kwenye ulimi au ndani ya mashavu, tujaribu kuufuta. Maziwa hutoka. Usipotoka ni fangasi wa mdomo, aletwe siku hiyo hiyo, maana hata mama anayenyonyesha hutibiwa.

Bi Halima ameamua nibaki na Nassoro mpaka Jumatatu ya tarehe 23, siku ya kurudi kliniki. Atakuja mwenyewe. Kasoro moja tu, alisema, na mtoto anapanda gari la Msimbati.

Jumanne, 17 Juni

Krimu inafanya kazi. Nassoro anashinda mkekani bila nguo, miguu juu, mfalme. Amekojolea daftari langu la Baiolojia, ukurasa wa fangasi. Amelala mchana saa mbili mfululizo. Nami nimelala kando yake. Kwapa langu linabanduka.

Dada ameanza kunisemesha. Alisema nikiona chochote nimwambie, na kama mdomo unakataa, niandike. Hatanigombeza. Niliahidi kwa maandishi, nikatia sahihi.

Jumapili, 22 Juni

Ushindi! Makalio laini, hakuna hata kipele. Na krimu bado napaka, kama nesi alivyoagiza. Sikudhani ametuma ujumbe kuuliza hali ya mtoto. Nimemtumia picha. Ya makalio.

Leo alasiri Nassoro alipopiga mwayo niliona weupe. Kidogo, ulimini. Na ndani ya shavu la kulia. Ni maziwa. Nimefuta kwa kitambaa kisafi. Haukutoka. Nimefuta tena, akalia. Ni maziwa magumu.

Leo! Siku moja kabla ya Bi Halima! Hapana.

Dada aliingia akauliza kama kuna chochote. Nikasema hakuna, haraka, bila kigugumizi, nikimtazama usoni. Alifurahi. Alisema siku hizi naongea vizuri. Hata hivyo ameniachia karatasi na kalamu juu ya meza, nisije nikakumbuka kitu.

Nimeitumia karatasi yote. Saa mbili asubuhi, chuchu ya bandia mdomoni. Saa tatu, kliniki, namgeuza uso ukutani, makalio kwa nesi. Saa tano, Bi Halima anaaga. Ni masaa matatu tu ya kumfumba mdomo.

Makalio yake hayana kasoro. Kwa nini mtu amtazame mdomoni?