Rota Mfukoni

Alhamisi, 5 Juni
Mshonaji wa mtaani kwetu amekubali! Jumamosi nampeleka kilimani kwa gari langu kuukuu, ambalo mtaa mzima unaliita Kobe kwa umbo lake. Injini iko nyuma, inapozwa na upepo, rejeta haina. Mpango ni huu. Tukifika juu, yeye akiwa anatazama mandhari, nachomoa rota, kile kidude kinachozunguka ndani ya distribyuta kugawia plagi moto. Bila rota gari haliwaki ng'o. Nitakunja mikono ya shati, nihangaike kidogo, niirudishe kwa siri, gari liwake. Nitakuwa shujaa. Dada yangu kaniuliza kwa nini nisizungumze naye tu. Dada hajui mapenzi.

Jumamosi, 7 Juni
Mwanzo ulikwenda kama maji. Rota mfukoni, gari kimya, mshonaji kaingiwa na wasiwasi. Ili kazi ionekane ngumu, nikachomoa na waya zote nne za plagi kwenye kifuniko cha distribyuta. Hilo halikuwemo kwenye mpango. Lilinijia tu, na nadhani nilipendeza. Nikarudisha rota, nikarudisha waya, nikapiga stata.
Gari likakohoa, likatikisika, bomba la moshi likalipuka mshindo uliotawanya mbuzi. Nikajaribu tena. Mshindo mwingine. Ndipo akatokea mwokaji mikate, ambaye sijawahi kumpenda, na gari lake jipya lenye kiyoyozi. Akasimama kwa ile adabu yake ya kuudhi. Mshonaji akapanda, akakaa katikati ya kreti za mikate, akanipungia mkono. Mimi nimerudi nikivutwa na trekta.

Jumapili, 8 Juni
Nimegundua! Ni pointi, vile vibati vya ndani ya distribyuta vinavyofunga na kukata umeme. Zimeungua, nyeusi tii. Nimezipiga msasa, nikarekebisha mwanya wake. Cheche sasa ni ya buluu, nzuri ajabu. Nikapiga stata. Mshindo. Basi ni kondensa, kile kikopo kinachozuia pointi zisiungue. Nimebadilisha kondensa. Mshindo. Jirani kachungulia ukutani kuuliza kama wao wahame.

Jumanne, 10 Juni
Koili, ile inayoupa umeme nguvu ya kurusha cheche! Nilikuwa wapi siku zote? Dada kauliza kama zile waya nilizirudisha kila moja mahali pake. Nikamweleza kwa upole kwamba waya ni waya, zote zinafanana, na zote zimeingia vizuri. Nimefunga koili mpya. Mshindo.

Jumatano, 11 Juni
Dada kamwita fundi bila kuniuliza. Fundi kachomoa waya zote nne, kazipanga upya, kila plagi ipate moto kwa zamu yake. Gari likawaka kama halijawahi kuugua. Akataka kujua nani alizivuruga. Nikamwambia namshuku mwokaji mikate.
Jioni mshonaji kaja mwenyewe, kasimama mlangoni. Kumbe aliniona kilimani nikitia rota mfukoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakukasirika. "Ungesema tu unataka tukae zaidi," akaniambia, "ningekaa." Kisha akasema Jumamosi ana nafasi, ila hataki ujanja. Anapenda mtu mkweli.
Sijalala kwa furaha! Nimemwelewa kabisa. Safari hii distribyuta sitaigusa hata kwa kidole. Nitatia petroli ya kutufikisha juu tu. Ikiisha, nitamwambia imeisha, na huo utakuwa ukweli mtupu.