Ile O ni ya Nani?

Wenzangu wa chama, leo sijui uso niuweke wapi.

Mjukuu wangu Mwikali, yule aliyepewa jina langu, anahamia shule ya bweni, na fomu inataka aina ya damu. Asubuhi tukaenda kupimwa hapa Masii: mtoto, mama yake Ndinda, ambaye ni mke wa kijana wangu, na mimi. Mimi hakuna aliyeniita. (Mwalimu mstaafu hangoji kualikwa.)

Kijana wa maabara akamdunga mtoto kidole, akarudi na jibu: O.

O? Kijana wangu ni A, hutoa damu na kadi yake nimeiona kwa macho haya. Ndinda ni B, imeandikwa kwa kadi yake ya kliniki. Nikapiga hesabu pale kwa benchi. Ukipanda mahindi na maharagwe, ndengu zitatoka wapi?

Ningenyamaza! Lakini mnanijua. Nikasimama mbele ya watu, wawili wao wa kanisa letu, nikasema kwa ile sauti yangu ya gwaride:

"Ndinda, hii O si ya kwetu. Huyu mtoto ulimtoa wapi?"

Woi! Hata mzee aliyekuwa akikohoa aliacha. Ndinda alimshika mtoto mkono, machozi yanamlengalenga. Miaka kumi na miwili ananiita mwaitu, mama yangu.

"Mwaitu," akasema polepole, "kama ni hivyo, mimi leo narudi kwetu Kithimani."

Kijana wa maabara akaingilia. "Mwalimu, wewe mwenyewe ni damu gani?"

"Sijawahi kupimwa. Lakini O siwezi kuwa."

"Keti."

Akanidunga (kwa furaha, nadhani). Akaweka matone mawili kwa kigae cheupe, moja akalitia dawa ya buluu, la pili ya manjano. "Ukiwa A, hili litashikana mabonge. Ukiwa B, hili." Benchi lote likahamia mlangoni. Akatikisa. Tukangoja. Damu yangu ikabaki laini kama uji wa mgonjwa.

"O," akasema.

Akanieleza kwa upole, kama mimi ndiye wa darasa la nne. Kila mtu hubeba herufi mbili za damu, moja ya mama na moja ya baba. Mimi niko na O mbili, sikuwa na kingine cha kumpa kijana wangu. A alipewa na baba yake, na A ikiwa na O, A ndiyo huonekana. O hukaa nyuma, kimya. Ndinda naye amebeba O yake nyuma ya B. Mtoto akachukua hizo mbili zilizojificha.

Jamani! Nilimtazama yule mtoto, mwili ukanisisimka. Kitu changu kimekaa ndani ya kijana wangu miaka yote hii, hakimuumi, yeye mwenyewe hajui, halafu kikatokea kwa binti huyu kikiwa kizima! Nami nilikipata kwa wazazi wangu, nao kwa watu ambao hata makaburi yao hatuyajui. Mungu ni fundi, wacheni tu. Kwa dakika moja nilisahau aibu kabisa.

Mama mmoja wa kanisa akanikumbusha. "Mwalimu, sasa hiyo O ni ya kwetu ama si ya kwetu?"

Walicheka hadi yule mzee akaanza kukohoa upya.

Nikamgeukia Ndinda mbele ya hao hao. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Nimefundisha miaka thelathini na nne, sijawahi kutamka neno gumu hivyo.

Alifuta machozi kwanza. Kisha: "Nimesikia, mwaitu. Nitabaki. Lakini leo sipiki. Na bwanangu utamwambia wewe mwenyewe ulichosema."

Basi niko jikoni nasukuma chapati, simu imejaa unga. Chekeni, nimestahili. Kijana wangu ameshapiga mara mbili na sijashika.