Nilivyomwaga Maji Kwenye Kona ya Kisian

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimetamani lami inimeze.

Mnajua kaka yangu Ochieng alifia kwenye ile kona ukishapita Kisian. Pikapu yake iliruka nje ya barabara. Mnajua pia yaliyosemwa matangani: alikuwa amelewa. Mjane wake, Akinyi, huenda kanisani kila Jumapili na maneno hayo mgongoni.

Sasa, ofisi yetu ya barabara imepata kompyuta. (Moja. Tunavua viatu kabla ya kuingia chumbani kwake.) Inachora barabara! Mimi nimepewa kazi ya kuilisha vipimo vya barabara iliyopo, ukingo wa kushoto, katikati, ukingo wa kulia, nayo ikokotoe kila kona imelala vipi. Kona nzuri hulala kuelekea ndani, ili gari lisitupwe nje. Nikafika kona ya Ochieng. Kompyuta ikasema imelala nje!

Nililia palepale, na soksi zangu. Kisha nikakimbia kwa Akinyi.

"Shemeji, si pombe. Ni barabara ndiyo ilimuua."

Alinishika mikono yote miwili.

Basi leo asubuhi tukaenda konani: Akinyi, mama yangu, pasta na akina mama wa kanisa, kumwombea Ochieng na kulisafisha jina lake. Nilivaa suti. (Ya harusi yangu. Inabana.) Baada ya maombi pasta akasema, "Injinia, tuelezee." Mimi si injinia. Sikumsahihisha.

Nikaeleza. Nikaona nyuso zimeduwaa, nikachukua mtungi wa maji ambao Mama alileta kwa ajili ya maua.

"Tazameni! Maji yatakimbia nje, vile gari lilikimbia."

Nikamwaga katikati ya lami.

Maji yakageuka. Yakaja ndani. Yakaja moja kwa moja kwenye viatu vyangu.

Wote wakatazama viatu vyangu.

"Omondi," Mama akaniuliza, "sasa hii maji inaenda wapi?"

"Ngoja, Mama." Nikamwaga tena! (Nani alinituma?) Yakanifuata tena. Hapo ndipo nikaelewa: vipimo vya kushoto niliviandika mahali pa kulia. Kona ni nzima. Imelala vizuri kabisa.

Mama mmoja wa kanisa akacheka, akajifanya anakohoa. Pasta akafungua Biblia, akaifunga.

Akinyi hakucheka. Alinivuta kando, akasema polepole:

"Shemeji, tangu uniambie ni barabara, nimekuwa nikipata usingizi. Sasa nitalala aje?"

Nikamshika mkono tukarudi kwenye gari, viatu vyangu vikilia chwa, chwa, chwa, na watu wote wakisikia.

Nichekeni mimi, nimestahili. Ila Ochieng, tafadhali, mwacheni.